Mkunga afundishwe pia kumuuliza mama: na wewe unaendeleaje?

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Arua, Uganda. Mimi ni mkunga, mwaka wa ishirini na nne huu, kuna watoto nimewapokea kwa mikono yangu ambao sasa wanakuja wodini kwangu kuzaa wao wenyewe. Barua hii naandika usiku baada ya zamu, kwa sababu kuna kitu kimenikaa moyoni na kila tukikaa na wenzangu tunakiongea halafu kinaishia hapo hapo kwenye chai.

Nianze na Alhamisi moja ya chanjo. Wenye kuijua Alhamisi ya chanjo wanaijua, benchi zimejaa mpaka nje, watoto wanalia, tuko wawili tu na friji ya chanjo inasumbua tangu asubuhi. Akaja mama mmoja na mtoto wa wiki sita, mtoto msafi kabisa, kapakwa mafuta, kofia ya sufu, uzito mzuri. Lakini mama mwenyewe blauzi kaivaa ndani nje, na mtoto kamshika vile mtu anavyoshikilia mzigo wa mwenzake stendi, mikono mbali na kifua, hamtazami. Niliiona ile blauzi, Mhariri. Niliiona, nikajaza kadi, nikamchoma mtoto, nikamwambia arudi wiki ya kumi, nikaita mwingine.

Wiki ya kumi hakuja. Ya kumi na moja akaletwa na mama mkwe, mtoto kapungua, mashavu yameisha, na mama mkwe analalamika mbele ya watu wote ati huyu msichana ni mvivu, mtoto analia yeye kakaa tu anaangalia ukuta. Mimi nilitaka kumgombeza, Mungu anisamehe, maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Sijui nini kilinizuia. Nikamwambia mama mkwe hebu tushikie mtoto kidogo mama, nikamchukua yule binti tukaenda kukaa chini ya mwembe nyuma ya jiko la wauguzaji. Nikamuuliza, na wewe unaendeleaje? Akasema niko sawa sista. Nikanyamaza. Kunyamaza kwenyewe ilikuwa kazi maana ndani nimeacha foleni na naisikia. Tukakaa pale labda dakika tano hivi. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Sista, mtoto akilia mimi nasikia kama analia kwa jirani."

Miaka yote hiyo ya ukunga na sikuwa nimefundishwa nifanye nini na maneno kama hayo.

Tulifundishwa mengi na mazuri, sitaki mtu anielewe vibaya. Tulifundishwa kupima presha, kusoma partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, kuzuia damu isimwagike, kutoa kondo la nyuma, kumpa mtoto pumzi akizaliwa amechoka. Na kazi hiyo imezaa matunda, utafiti mkubwa wa nchi wa 2016 ulisema wanakufa wamama 336 kwa kila watoto hai laki moja wanaozaliwa, ule wa 2022 ukasema 189. Na wamama zaidi ya 9 kati ya 10 sasa wanazalia kwenye vituo vya afya. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu na kuwashukuru masista wa nchi hii wanaofanya kazi kwa tochi ya simu mdomoni. Lakini mambo ya akili tulifundishwaje? Mimi nilipokuwa chuo tulipelekwa wiki kadhaa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, tukaona watu wazima wamechanganyikiwa, tukajifunza majina ya dawa, tukafanya mtihani, basi, tukarudi leba. Hakuna aliyetuambia kwamba huyu mama aliyelala kitanda namba nne, aliyezaa vizuri bila kushonwa hata nyuzi moja, anaweza kuwa anazama hapo hapo mbele yako.

Na siyo wachache. Shirika la Afya Duniani linasema duniani kote karibu asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua wanapata tatizo la akili, zaidi likiwa ni sonona. Kwa nchi kama zetu wanasema ni zaidi, asilimia 15.6 kwenye ujauzito na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Piga hesabu mwenyewe, kituo kikizalisha wamama 50 kwa mwezi hapo karibu 10 wanaenda nyumbani na kitu ambacho sisi hatujakiandika popote. Kwenye rejista tumewaandika "mama na mtoto salama".

Nimetumia neno sonona hapo juu na najua wasomaji wengi wa huku watauliza ndio nini. Hilo ni neno la vitabuni, la ile huzuni nzito isiyoisha ambayo ni ugonjwa. Wamama wangu hawasemi sonona. Huyu atakuambia roho imechoka, mwingine ana mawazo mengi, na wengi wao hata hawataji roho, wanakuja na mwili. Sista kichwa kinachemka, moyo unadunda usiku, mwili wote moto lakini nikijishika niko baridi, silali. Na sisi tunafanya nini? Tunampima malaria, haipo, tunampa Panadol, anarudi nyumbani, wiki ijayo yuko hapo tena na malalamiko yale yale na sisi tunaanza kusema huyu mama anatusumbua. Mkunga anatakiwa afundishwe kusikia hayo maneno kwa masikio mengine. Apime damu, ndio, kwa sababu upungufu wa damu nao unamchosha mama hivyo hivyo, lakini akishapima asiishie kwenye kipimo.

Kuna pia kutofautisha, na hapa ndipo mafunzo yanahitajika kweli maana ukikosea unaweza kumtisha mama bure au kumpoteza kabisa. Ile hali ya kulialia siku ya tatu, ya nne, mama anacheka machozi yanatoka, hiyo inawapata wengi mno na mara nyingi inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili, anahitaji kulala na kula na mtu wa kumwambia ni kawaida. Ikipita wiki mbili na bado hajisikii chochote, hataki kula, hataki mtoto au anamuogopa mtoto, anajiona hafai, hiyo siyo tena uchovu wa uzazi. Na kuna ile ya tatu, wachache sana, mmoja au wawili katika kila wamama elfu moja waliojifungua, lakini ikija inakuja kwa kasi, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, mama halali kabisa wala hasikii usingizi, anaongea vitu havieleweki, anasikia sauti, anaamini mtoto kabadilishwa. Hiyo ni dharura kama vile damu inavyomwagika, unatafuta gari usiku huo huo, hungoji kesho.

Sasa angalia ratiba yetu. Mama anatakiwa aonwe ndani ya masaa 6, siku ya 6, halafu wiki ya 6. Hiyo siku ya sita wengi hawarudi kwa sababu nauli ya boda haipo au kidonda kinauma. Kwa hiyo kati ya kutoka wodini na chanjo ya wiki ya sita kuna shimo, na ndani ya shimo hilo ndimo haya mambo yote mawili makubwa yanaanzia. Akifika wiki ya sita anakuja kwa ajili ya mtoto. Kadi ni ya mtoto, mizani ni ya mtoto, sindano ni ya mtoto. Mama ndiye amembeba tu.

Watu wa vyuo wakiambiwa hili wanasema kuna kipimo tayari, na ni kweli kipo, kinaitwa kipimo cha Edinburgh, maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama 30, na swali la mwisho linauliza kama mama amewahi kufikiria kujidhuru. Kilitoka 1987. Lakini watu wangapi wanajua kwamba daktari aliyeongoza kazi hiyo, John Cox, kabla ya hapo alikuwa hapa hapa kwetu Uganda miaka ya 1970, pale Kasangati njia ya Gayaza, akiwachunguza wajawazito wa vijijini, halafu baadaye akawalinganisha wamama wa huku na wamama wa Scotland? Mimi nilipolijua hilo nilikaa kimya. Yaani wamama zetu wa Buganda walikuwa kati ya wa kwanza kumfundisha, na miaka hamsini baadaye mkunga wa Arua hajawahi kukishika hicho kipimo mkononi.

Na kukishika peke yake hakutoshi. Hicho kipimo kimeandikwa kwa Kiingereza cha watu wa kule, kuna swali moja ukilitafsiri neno kwa neno linamuuliza mama kama vitu vimekuwa vikimpanda juu, mama atakushangaa, vitu gani hivyo vinanipanda sista. Maana yake tu ni kama mambo yamemwelemea. Hapa kwenye kliniki yangu asubuhi moja nahudumia Mlugbara, Mkakwa, Mnubi, Mkongo aliyevuka mpaka juzi, mkimbizi wa Sudan Kusini, na lugha inayotuunganisha wote hao ni hiki hiki Kiswahili chetu. Kwa hiyo wanaoandaa mafunzo wasituletee karatasi tu, watuletee pia maneno, wakae na wamama wenyewe wawaulize wao wanaliitaje jambo hili, ndipo waandike maswali. Hata huko Masaka na Rakai watafiti walifanya hivyo, hawakuanza na neno la Kiingereza, waliwauliza wanakijiji wakaambiwa kuna yo'kwekyawa, mtu kujichukia, na okwekubazida, mtu kujihurumia, wakaanzia hapo.

Kuna jina jingine la Kiganda ambalo sisi wa ukunga wote tunalijua hata kama siyo Waganda, amakiro. Mama akichanganyikiwa baada ya kuzaa wanasema ana amakiro, na wanasema imetokana na yeye kutembea nje ya ndoa akiwa mjamzito, na kwamba anaweza kumla mtoto wake. Sasa fikiria wewe ni binti wa miaka 19, akili imeanza kukuchezea, unaona vitu, na unajua ukisema neno moja tu familia ya mume itasema ulikuwa malaya. Utasema? Hutasema, utafunga mdomo na mlango. Simlaumu bibi anayemchemshia majani ya kuoga, anampenda mjukuu wake, na hayo ndiyo anayoyajua. Lakini mkunga akiwa na ujuzi anaweza kukaa na huyo bibi akamwambia mama yangu, huu ni ugonjwa, hauna uzinzi ndani yake, una dawa, na bibi akimwamini mkunga kijiji kizima kimeelewa. Wananiamini kwenye mambo ya damu na kitovu, kwa nini wasiniamini kwenye hili.

Hebu sasa niseme kuhusu sisi wenyewe, na hapa wenzangu watanikasirikia. Sisi wakunga tunaongea vibaya. Siyo wote na siyo kila siku, lakini tunaongea vibaya. Mama anapiga kelele leba anaambiwa mbona ulipokuwa unaitafuta hukupiga kelele. Anapigwa kibao cha paja. Nimeyaona, na ujana wangu nimeyasema baadhi ya hayo, na ninajuta. Tulikuwa tunaamini tunamsaidia asukume. Mama anakwenda nyumbani na hicho kibao, mwaka ukipita bado anaogopa kurudi kliniki, na usiku analota leba. Huwezi kumfundisha mkunga kupima maumivu ya moyo wa mama kama hujamfundisha kwanza asiyaongeze.

Na aliyepoteza mtoto. Jamani. Mtoto kazaliwa hana uhai, tunamfunga kwenye leso haraka haraka tunampeleka pembeni mama asimuone, tukidhani ni huruma, halafu tunamrudisha huyo mama kwenye wodi ile ile ya wazazi, kitanda chake kiko katikati ya wawili wanaonyonyesha. Maziwa yake yanatoka anayafuta na kitenge. Nimemuona mama wa namna hiyo akiwa amegeukia ukuta usiku kucha, na asubuhi kaondoka nyuma ya boda na kiboksi mapajani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia pole kwa sauti. Siyo kwamba tulikuwa hatuna huruma, tulikuwa hatujui tuseme nini, na mtu asiyejua aseme nini anajifanya ana kazi nyingi. Mtu angetufundisha mambo madogo tu, kumuuliza kama anataka kumuona mtoto wake na kumshika, kumtafutia kitanda cha pembeni, kumwambia maziwa yatakuja na afanye nini, kumwita jina lake.

Wanafunzi wa ukunga wanakuja kwangu kufanya vitendo. Mwaka jana nikaamua kuwafundisha kuuliza. Wa kwanza, binti mwerevu sana, akamuuliza mama unaendeleaje huku anaandika kwenye rejista, mama akasema vizuri, akaandika vizuri. Nikamwambia weka kalamu chini, vuta kiti, kaa urefu sawa na wake, uliza tena. Akauliza tena. Mama akaanza kulia. Na binti wangu kwa hofu akamwambia, usilie mama, mshukuru Mungu mtoto ni mzima, wenzako hawana. Mama akafuta machozi hapo hapo, akasema ndiyo sista, asante, na mlango ukafungwa. Hayo maneno ndiyo tunayosema sote, dada zetu wanayasema, mapasta wanayasema, na yanamfanya mama ajione ni mtu asiye na shukrani juu ya huzuni aliyonayo tayari. Tulirudia siku nyingi na yule mwanafunzi mpaka akaweza kukaa na machozi ya mtu bila kukimbilia kuyakausha. Haikuhitaji mashine. Ilihitaji kurudia tu, kama vile tunavyorudia kumpa mdoli pumzi mpaka mikono inazoea.

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshalisikia kwenye mikutano. Wakunga wamelemewa, hayo ni ya nesi wa akili, ni ya Butabika, hospitali kuu ya wagonjwa wa akili. Ni kweli tumelemewa, mimi ndio wa kwanza kusema, na Wizara isituongezee fomu nyingine bila kutuongezea mtu. Lakini Butabika iko Kampala na mama yuko huku Rhino Camp, kwenye makazi ya wakimbizi. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya akili, nesi wa akili yupo, ila yeye hatamuona huyo mama mpaka mtu amtume, na mtu anayekutana na mama tangu mimba ya miezi minne mpaka chanjo ya mwisho ni mkunga. Na kuhusu kwamba watu wa kawaida hawawezi, hapo Masaka na Rakai waliofundishwa kuendesha vikundi vya mazungumzo vya watu wenye sonona walikuwa watu wa kule kule, siyo madaktari, walifundishwa wiki mbili, wakakaa na vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Hao hawakuwa waliojifungua peke yao, walikuwa wanaume na wanawake wenye sonona, lakini baadaye kwenye vikundi walibaki asilimia 6.5 tu wenye ugonjwa, na vijiji ambavyo havikupata vikundi asilimia 54.7. Kule Pakistani walifanya kwa wamama wenyewe, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuongea na wajawazito wenye sonona nyumbani kwao, matokeo yakatoka 2008, mtoto akiwa na miezi sita waliobaki wagonjwa ni asilimia 23, wakati kwa wenzao waliotembelewa bila mazungumzo hayo ni asilimia 53.

Shirika la Afya Duniani lenyewe tangu 2022 linasema mama aliyejifungua aulizwe kuhusu sonona na wasiwasi, na liliandika mwongozo wa kuingiza jambo hili ndani ya huduma za uzazi. Lakini pia linasema usiulize kama huna pa kumpeleka, na hapo nakubali kwa moyo wote, maana hakuna kitu kibaya kama kumfungua mtu halafu ukamwacha wazi. Kwa hiyo mafunzo yakija yaje na namba ya simu ya nesi wa akili wa mkoa ambayo inapokelewa, yaje na mtu wa kurudi kila mwezi kukaa na sisi tumwambie tulipokwama, siyo semina ya siku mbili hotelini na posho ya nauli halafu kwaheri. Na huyo mtu akija atuulize na sisi. Mama akifa wodini tunakaa kikao, tunaulizwa damu iliombwa saa ngapi, dawa ilikuwepo, nani alikuwa zamu, na ni haki kuuliza. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama usiku ule nililala. Mwenzangu mmoja aliacha kazi kabisa baada ya vifo viwili ndani ya wiki moja, sasa anauza vitenge sokoni, na alikuwa mkunga mwenye mikono mizuri kuliko yangu.

Yule mama wa blauzi tulimpeleka hospitali kwa nesi wa akili, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyelipa boda baada ya kuelezwa. Alipewa vidonge ambavyo angeweza kuendelea kunyonyesha, na akawa anakuja kwangu kila Alhamisi tunakaa pale pale chini ya mwembe, na mama mkwe akaanza kuchukua mtoto usiku ili alale. Ilichukua zaidi ya miezi miwili. Kilichoniuma ni kwamba wiki tano zile alizopotea nilizipoteza mimi, kwa sababu niliiona blauzi na sikuwa na swali la kuuliza.

Wanaohusika na mitaala ya ukunga, na afisa afya wa wilaya kama analisoma gazeti hili, naomba tuanze na kidogo, swali moja la mama kwenye kadi ya mtoto pale wiki ya sita, na kila kliniki iwe na kiti na pazia ili liulizwe bila foleni nzima kusikia. Jumatatu napokea wanafunzi wapya wanne. Kitabu cha kuwafundishia hili sina, nitawapeleka chini ya mwembe tukaanze na kuweka kalamu chini.

Mkunga wenu,
Arua